Paluku Anasema Nini Leo

Siku hizi kichwani mwangu niko peke yangu. Watu wakiniuliza kama nimepona, hilo ndilo jibu ninalowapa, na wengi hucheka wakidhani natania. Sitanii. Kuna wakati tulikuwa wawili mle ndani, na yule wa pili nilimpenda. Naandika kwa ajili ya mwanafunzi aliyekaa leo kwenye benchi refu la hospitali hapa Bunia, mdomo umemkauka, mama yake pembeni amepakata sufuria, na hakuna anayemwambia kitu. Mambo ya ubongo mtawauliza madaktari. Mimi nitasimulia yaliyonipata.

Naitwa Kahindo. Kwetu Wanande jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa nyuma ya wavulana, na mbele yangu alikuwepo mmoja, Paluku. Wazazi wetu walihama Butembo kuja Bunia kabla sijaanza shule. Papa anauza misumari, mabati na kufuli sokoni, na Mama anauza maharagwe kwenye meza ya jirani. Yaya Paluku, kama tunavyomwita kaka mkubwa, alimaliza chuo, akakosa kazi, akatundika diploma yake sebuleni, akaenda Nizi kuchimba dhahabu. Mvua zilipokolea shimo likawaangukia. Wenzake walichimba kumtafuta mpaka mwenye shimo akasema basi, udongo bado unateleza, utameza na wengine. Wakaacha. Yumo mle hadi leo.

Mama alikataa kilio. Huku kwetu mtu akifa hutandazwa shitingi, lile turubai la plastiki, mbele ya nyumba, majirani huleta viti, watu hulala nje pamoja na wafiwa ili wasiachwe peke yao na huzuni. Mama alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajaona maiti yake. Kwa hiyo hapakuwa na shitingi wala viti, na majirani wakawa hawajui watusalimie vipi. Sokoni anaitwa Mama Paluku, kama mama yeyote anavyoitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Muuza ndizi mmoja alijaribu kumwita Mama Kahindo, kwa huruma tu. Mama alimwachia mteja kopo la kupimia mkononi akaenda zake nyumbani.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili, agronomia. Wanaosoma agronomia wanajua kwamba huwezi kufaulu somo la udongo bila kuingia shimoni. Mnachimba shimo refu kama mtu, kuta zake zimenyooka, halafu kila mmoja anashuka, anasoma matabaka kwa kidole: hapa udongo mweusi wenye mizizi, hapa mwekundu, hapa mgumu wenye changarawe. Tuliliita profil. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami sikuwa nimeona ung'ongo, nilikuwa nimeonyeshwa nyoka mwenyewe. Nilisimama ukingoni, nikakataa kushuka.

"Mademoiselle, udongo haiume mutu," asistan, msaidizi wa profesa, akaniambia. Hakujua habari zetu. Angeambiwa na nani, na kilio hakikufanyika?

Neema, rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa benchi moja tangu mwaka wa kwanza, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jengo la chuo ambalo halijawahi kuisha, lile lenye nguzo bila paa. Wanafunzi wengi walivuta bangi pale. Waliiita silabusi, kwa sababu ukiwa nayo unadhani unalijua somo zima.

"Vuta kidogo tu, Kahi," Neema alisema. "Utashuka ata kama iko kaburi." Halafu akajiziba mdomo, maana yeye alijua.

Nilivuta. Nikakohoa mpaka machozi, nikavuta tena. Nikashuka shimoni kama mtu anayeshuka kitandani, nikasoma matabaka yote, nikacheka humo ndani bila sababu, na asistan akanipa alama nzuri kuliko darasa zima. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sikuifuata anasa. Nilifuata kazi ya darasani.

Usiku ule nililala, mara ya kwanza tangu Nizi. Mtu ambaye hajakosa usingizi kwa miezi hawezi kuelewa nilitoa shukrani gani kwa yale majani. Nikawa navuta kabla ya kila shimo, baadaye kabla ya kila somo, baadaye kabla ya kila kitu. Neema alikuwa akivuta kuliko mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mtaniletea hoja hiyo: fulani anavuta na hana shida. Ni kweli. Neema alivuta kuliko mimi, akafaulu kwa heshima zote, na hajasikia sauti hata moja. Nimemkasirikia Mungu sana kwa jambo hilo. Lakini mvua huanguka kwenye mapaa yote, nyumba inayobomoka ni moja, na kabla haijabomoka huwezi kujua ni ipi.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Kwanza nilianza kuona asistan akiandika ubaoni mambo yangu, si maneno yenyewe, bali jinsi alivyogeuka kuniangalia akimaliza mstari. Halafu wanaoendesha pikipiki pale kwenye mzunguko wakawa wanapiga honi kwa mpango, wakipeana habari kwamba napita. Niliacha kuoga kwa sababu maji ya bomba yalinuka udongo. Nikakonda. Nywele zangu, ambazo Neema alikuwa akizisuka kila wiki ya pili, zikawa mkeka. Nyumbani waliona, ila nyumba yetu ilikuwa imejaa kimya, na mtu mmoja zaidi akinyamaza haonekani haraka.

Kisha, mwanzoni mwa mvua zilizofuata, nikiwa ndani ya profil nyingine kule shambani kwa chuo, kidole changu kikiwa kwenye tabaka la changarawe, nilisikia nyuma ya sikio la kushoto:

"Kahi. Apa haiko mwisho. Chimba tena."

Ilikuwa sauti ya Yaya Paluku. Hamtaniamini, lakini sikuogopa. Nililia kwa furaha mle shimoni hadi wenzangu wakanivuta juu. Alikuwa na ile sauti yake ya kuchokoza, kama mtu anayezungumza huku anatafuna muwa.

Nilimficha kwa muda, kama unavyoficha mchumba. Tulikuwa tukizungumza njiani, nikipika, nikifua. Siku moja asubuhi nilikuwa jikoni nachambua maharagwe na yeye, nikacheka kwa nguvu, Mama akaingia.

"Unacheka na nani?"

"Na Yaya Paluku," nikamwambia. Sikuona sababu ya kudanganya. "Anasema maharagwe yako iko na mawe mingi kuliko maharagwe."

Mama alikaa chini, kwenye sakafu, kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Huo ndio ulikuwa utani wa Paluku. Tangu utotoni alimwambia maneno hayohayo kila siku ya soko, na tangu afe hakuna aliyethubutu kuyasema. Nilidhani atapiga kelele. Akanyoosha mkono, akanishika kifundo cha mguu, akauliza polepole, "Na nini tena? Anasema nini tena?"

Kuanzia siku ile nikawa na kazi. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni Mama alikuja kukaa kwenye kona ya kitanda changu, amekwishavaa, kapu miguuni. "Paluku anasema nini leo?" Nami nikawa namsikiliza na kumpelekea: anasema paa linavuja upande wa Papa, anasema Mama avae lile koti, kutakuwa baridi, anasema anakumbuka sombe, yale majani ya muhogo anayopika Mama. Mama alianza kuimba tena kanisani. Alinenepa kidogo. Mimi nilikuwa nayeyuka, yeye anarudi.

Majirani waliposikia nikizungumza peke yangu uani, wakamshauri anipeleke kwenye chumba cha maombi, kama wanavyopelekwa wengi, pepo litolewe kwa kufunga na kukemea. Nimewaona waliopelekwa, nawajua wawili waliorudi na makovu ya kamba. Mimi niliponea hapo, lakini sikilizeni sababu. Mama aliwafukuza wale wanawake mpaka barabarani.

"Pepo gani?" akawaambia. "Munataka kufukuza mutoto wangu mara ya pili?"

Papa ndiye peke yake aliyeliita jambo kwa jina lake. Papa si mtu wa maneno mengi. Ukimwuliza bei ya kufuli atakuonyesha kwa vidole. Jioni moja mezani aliweka kijiko chini.

"Mama Paluku, huyu mutoto ni mugonjwa."

"Haiko mugonjwa. Anasikiaka kaka yake."

"Paluku alikufa."

"Weye ulimuona?" Mama akasimama. "Ulimuosha? Ulimufunika? Mutoto wako anaongea, na weye unataka kumufunga kinywa!"

Papa akatoka nje. Tangu siku ile wakawa wanakula saa tofauti, na mimi nikawa napeleka sahani mbili. Nilisikitika, ila Paluku aliniambia Papa ana wivu kwa sababu haongei na yeye, nikaamini.

Sasa nafika mahali ambapo hata leo nasita kuandika. Sauti ilibadilika. Utani ukaisha. Akaanza kusema kuna baridi. Akasema mlikula, mkalala, mkaniacha. Akasema, "Kuya," yaani njoo, neno hilo moja tu, kutwa nzima, hata asistan akifundisha, hata mchungaji akihubiri. Nilivuta zaidi ili arudi yule wa zamani. Kila nilipovuta, aliita kwa nguvu zaidi.

Mchana mmoja wa mawingu nilichukua jembe na koleo, nikaenda nyuma ya jiko ambako Mama alikuwa amepanda lengalenga, nikaanza kuchimba. Nilichimba kama tulivyofundishwa: pembe nne, kuta zimenyooka, udongo wa juu upande wake na wa chini upande wake. Mama alirudi kutoka sokoni akanikuta nimefika kiunoni. Alisimama kwenye mlango wa jiko.

"Iko fasi gani?" akaniuliza. "Iko mbali?"

"Karibu," nikamjibu.

Akavua viatu. Akaleta besani. Mama yangu, mwanamke mwenye akili zake, mzee wa kanisa, aliinama akawa anapokea udongo na kuumwaga pembeni, anapokea na kumwaga, huku mvua imeanza. Shimo lilipofika mabegani mwangu nikalala ndani yake, kwa sababu Paluku aliniambia lala. Maji yalikuwa yanaingia. Niliona uso wa Mama juu, umeinama, unasubiri.

Papa ndiye aliyenitoa. Alifika, akaona, akaruka shimoni na viatu vyake vya sokoni, akanibeba. Nimeambiwa nilimng'ata begani, na alama ipo hadi leo. Akivaa singlendi naiona. Hakumpigia Mama kelele. Alimwambia tu, "Leta kitenge, mutoto anasikia baridi," na wakanipeleka hospitali kwa pikipiki, mimi katikati.

Hospitali nitawaelezea, kwa sababu ndicho kitu ambacho hakuna aliyenieleza. Kuna ukumbi wa kusubiri wenye mabenchi ya mbao yaliyolainishwa na makalio ya watu. Wagonjwa wengine wamefungwa kamba na ndugu zao, wengine wamekaa kimya sana. Kila mgonjwa ana gadimaladi wake, ndugu wa kumwangalia na kumpikia, kwa hiyo panasikika harufu ya dawa ya sakafu na samaki mkavu kwa pamoja. Hakuna anayekucheka. Hilo lilikuwa rehema ya kwanza. Mzee mmoja aliyekuwa anasalimiana na ukuta alinigawia nusu ya hindi lake la kuchoma, akaendelea na salamu zake.

Sindano za kwanza zilinigeuza mti. Taya lilikaza, ulimi ukawa mzito, mate yakanitoka hadi kwenye kifua cha gauni. Nilitembea kwa hatua za mtu aliyebeba ndoo kichwani, na ndoo haipo. Muuguzi akaongeza kinini, kidonge cha kulegeza mwili, nikalegea kidogo. Mwezi wangu ukakoma. Kisha maziwa yakaanza kunitoka, mimi ambaye sijashika mimba, na wanawake wa wodini wakawa wananong'ona wakihesabu. Niliona aibu kuliko siku zote za wazimu. Muuguzi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwanamume, aliwaambia wote kwa pamoja: "Ni dawa njo inafanya vile. Muache mutoto." Akanifunga kitambaa kifuani, akaendelea na kazi. Dada yangu unayesoma hili, kama limekupata, si mimba na si laana. Mwambie muuguzi.

Daktari aliwaeleza wazazi wangu kwamba bangi niliyovuta ndiyo iliyoleta sauti. Sauti haikukatika kwa mara moja. Baada ya sindano ya pili alikuwa anaongea kama mtu wa chumba cha pili. Baada ya nyingine nilisikia mnong'ono tu, siyashiki maneno. Na Mama, ambaye ndiye aliyekuwa gadimaladi wangu, aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, kila asubuhi alinisafisha mate, akaniinua, akauliza.

"Paluku anasema nini leo?"

"Anasema polepole. Sisikii."

Kukawa na asubuhi nikamwambia, "Hakusema kitu, Mama." Akageuza uso akakunja mkeka. Alikunja kwa muda mrefu sana. Nililia siku ile, na nitasema wazi nililia kwa nini: nilihisi nimemwua. Wachimbaji walimwacha chini ya udongo, mimi nikamaliza kazi kwa mkono wa serinji. Wagonjwa wengine wanaotoka kwenye sauti za kutisha husema kimya ni pumziko. Kwangu kilikuwa msiba, na hakuna aliyekuja na kiti.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani kiangazi, vumbi jekundu limekaa kwenye majani. Papa alikuwa amelifukia shimo, na lengalenga imeoteshwa upya. Nilikuwa nimenenepa, uso umevimba, sketi zote zimekataa. Neema akaja, akazisuka nywele zangu alasiri nzima bila kuuliza swali, na vidole vyake kichwani mwangu vilinifariji kuliko kinini chochote. Dawa zangu alizishika Mama. Alinipa kila siku, maji kwenye kikombe. Chuo nilipewa ruhusa ya kurudi mwaka unaofuata. Nilikuwa napona.

Mvua ziliporudi, Paluku akarudi.

Sikuwa nimevuta. Naapa. Ilianza kama mtu anayekohoa upande ule wa kushoto, kisha jina langu. Nikamwambia Mama, kwa hofu, nikitarajia tutakimbilia hospitali. Macho yake yaliwaka. "Anasema nini?" akauliza. Nikaona furaha ile, nikajua kuna kitu.

Mama alikuwa ameanza kunipakulia sombe yangu kwenye bakuli la peke yake. Papa ana yake, mimi yangu, yeye anasema tumbo linamuuma. Nyumbani kwetu wanawake hula pamoja jikoni kwenye sahani moja, siku zote. Na ile sombe, chini ya ladha ya mawese na karanga, ilikuwa na uchungu niliokuwa naufahamu kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Nilifahamu tangu tonge la kwanza. Nikala. Siku ya pili nikala tena. Sitajitetea: hata mimi nilimtaka.

Halafu akasema, "Kuya."

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, Papa amebaki kwenye mkutano wa akina baba. Mama akaniwekea bakuli. Nililisukuma mbele yake.

"Kula, Mama. Tukule wote wawili."

Akaliangalia. Hakujifanya haelewi. "Nilishakula," akasema. "Kabla ya weye. Nilikula mingi, mara ya kwanza, na ingine. Sikusikia kitu. Nililala tu, nikaamuka na kiu. Anakuyaka kwako tu, Kahi."

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, na hasira haikupata pa kukaa. Nilimwona jikoni peke yake, akila bangi kwa kijiko ili asikie mwanawe, akipata usingizi tu.

"Na kinini?"

"Nilikuwa nakupa nusu." Akaishika meza. "Siku aliondoka, tuligombana. Weye ulikuwa kwa masomo. Nilimuambia, ukienda kule, usirudi tena kwangu. Njo neno nilimupa. Akachukua sakoshi akaenda." Akapumua. "Kila asubuhi ninangoja aseme juu ya ile neno. Anasemaka mvua, anasemaka paa, anasemaka maharagwe. Ile, hapana. Hakukuambia kitu?"

Kumbe hicho ndicho alichokuwa anakaa kusubiri kwenye kona ya kitanda changu. Hakuwahi kuniuliza ili apate habari za paa.

Na mimi nilikuwa naweza kumpa. Hilo ndilo linaloniwinda hadi sasa, jinsi ilivyokuwa rahisi. Sauti ya Paluku ilikuwa mdomoni mwangu, naijua kuliko yangu, ningesema tu: Mama, anasema alikusamehe tangu njiani. Ningempa maisha yake yote kwa sentensi moja. Na kesho yake angerudi kuuliza, nami ningejibu, na kesho kutwa pia, mpaka siku nyingine ya jembe na besani. Nilijua hivyo, na bado nilifungua mdomo.

Mama akaniziba kwa kiganja. Kiganja chake kilinuka kitunguu.

"Usiseme," akasema. "Ukisema, sitajua ni nani amesema."

Tulikaa hivyo, mkono wake juu ya mdomo wangu, machozi yananitoka yanapita kwenye vidole vyake. Kisha akainuka, akaimwaga sombe chooni, bakuli na sufuria, akasugua kwa majivu. Akanawa. Akaleta kinini, kizima, na maji, akasimama mbele yangu. Nilipokimeza aliangalia koo langu kama mtu anayeangalia udongo ukirudishwa. Mlio uliomtoka baada ya hapo sijawahi kuusikia kwa mtu. Majirani walikuja mbio wakiuliza nani amekufa.

"Paluku," Mama akawaambia. "Ni Paluku amekufa."

Papa alirudi akakuta watu uani. Hakuuliza. Aliingia ndani akatoa shitingi iliyokuwa imekunjwa nyuma ya mabati, mpya, bado ina mikunjo ya duka. Alikuwa ameinunua tangu wakati ule wa Nizi, akaisubirisha. Wazazi wangu walilala nje siku zile, mikeka miwili karibu, na asubuhi wakanywa chai pamoja.

Nimerudi chuo. Sivuti, na nikisikia ile harufu nyuma ya jengo lisilokwisha nazunguka upande wa pili. Mikono hutetemeka kidogo nikiandika, kwa sababu ya dawa. Asistan mpya ameambiwa; sishuki shimoni tena. Neema, ambaye sasa anafundisha kwa muda huku akingoja kazi, alikuja siku ya somo lile akashuka badala yangu, akawa ananipigia kelele kutoka chini, mweusi, mwekundu, changarawe, nami naandika juu. Kuna asubuhi naamka natega sikio upande wa kushoto. Hakuna kitu. Nina hamu naye sana, na sasa namkumbuka kama watu wengine wanavyokumbuka, yaani nasahau sauti yake kidogo kidogo. Siwezi kuwaambia kwamba hii haiumi.

Kila mwezi nachomwa sindano yangu, na Mama hunisindikiza ingawa simhitaji tena. Mara ya mwisho tulikaa karibu na mwanamke mmoja na mwanawe, kijana wa chuo kingine, kope zimemshuka, midomo inacheza. Mwanamke alikuwa anamwinamia sikioni. "Papa yako anasema nini? Muulize mambo ya shamba. Muulize." Nikahisi Mama amekakamaa pembeni yangu. Hakumjua yule mwanamke. Akamgusa mkono.

"Mama," akamwambia, "usimuulize anaambiwa nini. Umuulize kama amekula."

Yule mwanamke akamtazama kwa uchungu. "Na kama ni papa yake ya kweli?"

Mama hakuuachia mkono wake. Mlango wa muuguzi ukafunguka, mtu akatoka, mwingine akaingia.

"Kama ni papa yake ya kweli," akasema, "atanyamaza kwa ajili ya mutoto wake."

Kisha wakaita jina langu, nikaenda kuchomwa.